Hendikapu yangu ya gofu (mikwaju ya ziada ninayopewa kwa kiwango changu, ikishuka ndiyo bora) imegoma kwenye 22, nianzie wapi?

GofaWaMeru: Wakuu habari za jioni. Nacheza Arusha kila Jumamosi, mara mojamoja nateremka Moshi. Wiki moja mikwaju 91, inayofuata 104, uwanja uleule. Mazoezi mara mbili kwa wiki, karibu yote draiva, ile fimbo ya kupiga mbali. Hizo raundi mbovu ndizo zinazonizuia kushuka?

Ti_ya_Nyuma: Mkuu, hilo la mwisho wengi wanalikosea. Mfumo wa hendikapu wa dunia ulioanza 2020 unaangalia raundi zako 20 za mwisho, unachukua 8 bora na kupata wastani wake. Ile 104 yenyewe haikugusi. Unapanda pale raundi nzuri ya zamani inapotoka kwenye zile 20 na iliyoingia ikawa mbovu.

Halafu kila shimo lina kikomo: pa (mikwaju iliyopangiwa shimo hilo), jumlisha mbili, jumlisha mikwaju unayopewa pale. Ukipewa 22, unapata mmoja kila shimo na wa pili kwenye mashimo manne magumu zaidi. Kwa hiyo pa 4 ya kawaida haizidi 7 kwenye hesabu ya hendikapu, hata kama ulipiga 10.

Sasa chukua kadi tano za karibuni. Kila penye dabo bogi (miwili juu ya pa) au zaidi, andika chanzo: mpira kutoka nje ya mipaka, chipu (mkwaju mfupi wa karibu na grini) kugoma, au pati tatu, yaani mikwaju mitatu ya kusukuma mpira kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo. Kwa mtu wa 22 mara nyingi ni mpira wa kwanza. Ukitoka nje unarudia pale ulipopigia, na huo tayari ni mkwaju wa tatu. Pa 4 ya mita 330: fimbo ya haibridi mita 165, fimbo ya aironi 7 mita 130, zinabaki 35. Chipu na pati mbili, bogi hiyo (mmoja juu ya pa), bila draiva kutoka kwenye begi.

PatiMbiliTu: Sikubaliani na kuificha draiva kila shimo. Feawei (njia ya nyasi fupi kuelekea grini) ikiwa pana, piga. Ila mazoezi yako yamekaa upande mmoja. Nusu ya muda ipeleke kwenye grini: mipira mitatu, hatua kumi na mbili, na lengo si shimo bali isimame ndani ya hatua moja. Pati tatu nyingi huzaliwa na mkwaju wa kwanza kuishia nusu ya njia, wala si kukosa mstari.

Na pembeni ya grini penye nyasi za kikuyu, acha kuviringisha mpira chini. Zile nyasi zinaudaka, unakufa palepale. Shika weji (fimbo ya kuinua mpira juu) imara kidogo, uso wazi, shuka kwa wima, mpira utue juu ya grini yenyewe.

GofaWaMeru: Shukrani wakuu. Nimekagua kadi tatu: dabo 14, tisa zinatokana na mpira kutoka nje 🙈 Ila Moshi aironi zangu zinapungua umbali kabisa, ni hewa?

Ti_ya_Nyuma: Hewa usiisingizie sana. Ni kweli juu ni nyepesi na mpira huenda mbali zaidi, ila si kwa kiasi hicho. Arusha ni kama mita 1,400 juu ya bahari, Moshi iko chini yake kwa takriban 500. Kwenye mkwaju wa mita 150 tofauti haifiki hata mita nne. Ukienda Dar ndiyo utaiona, unapoteza mita saba au nane, karibu fimbo nzima. Moshi angalia kwanza kama unaugonga mpira katikati ya uso: paka poda ya miguu kwenye aironi 7, piga kumi, tazama alama zilipo.