I-20 haijasainiwa, na laini yetu inavuja

Mama Junior, Indianapolis. Jumapili, saa 3 usiku

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Naomba msaada wa mwenye kujua, si wa mwenye kukisia. Junior wangu alifikisha miaka 21 mwezi wa pili, akatoka kwenye H-4 yangu, hadhi ya mtoto wa mfanyakazi mgeni, akaingia F-1, hadhi ya mwanafunzi. Anasoma chuo kimoja huku Midwest, anacheza futiboli ya Kimarekani, skolashipu kamili. Bibi yake kule Moshi hali si nzuri, kwa hiyo nimemkatia kijana tiketi ya Desemba. Kilichobaki ni sahihi ya safari kwenye I-20, karatasi ya chuo ya mwanafunzi mgeni. Nilidhani ni jambo la dakika mbili.

DSO, afisa wa wanafunzi wageni chuoni, amekataa. Anasema jalada la kijana linapitiwa kwa sababu ya picha. Picha yenyewe: mgahawa mmoja wa nyama hapo mjini uliwaalika wale vijana watano wa laini, wa mbele wanaomkinga kotabeki, mrusha mpira, wakapigwa picha wamezunguka sinia la mbavu, ikarushwa mtandaoni. Wanne walilipwa, ndiyo mambo ya NIL, malipo ya matangazo kwa jina na sura ya mchezaji. Wangu hakupewa hata senti, alikula tu. Sasa DSO anataka kujua chakula kile kilikuwa cha dola ngapi na nani alilipa. Nimempigia mwenyewe, akanitajia FERPA, sheria ya siri za mwanafunzi, eti hawezi kuzungumza na mimi. Mtoto niliyemzaa kwa kisu!

Swali langu ni moja tu: sahani ya mbavu ni ujira au si ujira?

Babu Fedha, Minneapolis. Jumapili, saa 4 usiku

Marahaba mwanangu. Kwanza tuwekane sawa. NIL imeruhusiwa tangu Julai 1, 2021, lakini aliyeruhusu ni NCAA, chama cha michezo ya vyuo, si uhamiaji. Watu wa F-1 wanajikwaa hapo kila msimu. F-1 bila kibali kingine ana kazi za ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, basi. Na tangu Jaji Claudia Wilken apitishe ile suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA tarehe 6 Juni 2025, vyuo vyenyewe vinagawia wachezaji pesa, kikomo dola milioni 20.5 kwa chuo mwaka wa kwanza, 2025-26. Hapo ndipo ma-DSO walipoanza kuogopa hata vivuli vyao.

Mimi mtu wa kodi. Ile sehemu ya skolashipu inayolipia chumba na chakula inakatwa asilimia 14, utaiona kwenye fomu ya kodi ya 1042-S. Mbavu sijawahi kuziona kwenye 1042-S. Je, fomu ya kodi ya 8843 amejaza?

Dada wa Maryland. Jumapili, saa 5 usiku

Babu, kwa heshima zote, mtoto amekaa hapa na H-4 miaka mingapi? Siku za H-4 zinahesabika kwenye ukaazi wa kodi. Huwezi kumkata 14 kabla hujapiga hesabu ya siku zake. Tusimchanganye mama wa watu.

Na nyote mmeruka lililo kubwa. Huyu kijana alibadilisha hadhi akiwa humu humu ndani. Ana I-797, karatasi ya kukubaliwa F-1, lakini kwenye pasipoti hana viza ya F-1! Hata DSO akisaini kesho asubuhi, sahihi inakaa miezi 12, lakini akitoka lazima aende ubalozini Dar kwa mahojiano ndipo arudi. Mdogo wangu alikwama hivyo hivyo, alikwenda kuzika wiki mbili akakaa miezi mitano, muhula ukapotea, chumba chake wakampa mtu mwingine, na mikeka yangu ya Tanga iliyokuwa humo sijaiona mpaka leo.

Mama Junior, hilo unalijua?

Mama Junior, Indianapolis. Jumapili, saa 5 na nusu usiku

Sikulijua.

Papa wa Lexington. Jumatatu, saa 1 asubuhi

Jambo bandugu. Hapa Kentucky tulipitia hii mambo na Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, wa basketi. Alikuwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima na bado alikuwa F-1. Timu ilipoenda Bahamas Agosti 2022, alifanyia matangazo yake kule kule, nje ya Marekani. Vijana wetu waliokuja kama wakimbizi hawana shida hiyo, ruhusa ya kazi wanayo tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mama, mbavu zingeliwa Bahamas, hakuna mtu angeuliza.

Mkenya wa Dallas. Jumatatu, saa 2 asubuhi

Sijasoma kuanzia juu, simu yangu inafungua barua za mwisho tu, lakini naona ni ile timu yenye laini inavuja. Wacha niseme ukweli. Shida yao ni mtu mmoja, huyo 74 wa kushoto. Jumamosi amepitwa kama askari wa geti aliyelala. Mara tatu kotabeki ameangushwa na mpira mkononi, zote upande wake. Kisha anasimama kiuno mkononi kana kwamba anangoja matatu. Mwili wa nyumba, miguu ya meza. Mimi ningemweka benchi. Sisi Wakenya tulimtoa Daniel Adongo kwa raga akaenda moja kwa moja Indianapolis Colts 2013, hakuwa amecheza futiboli hata siku moja, na hakusumbua watu hivi.

Mama Junior, Indianapolis. Jumatatu, saa 2 na robo asubuhi

Kaka wa Dallas, huyo 74 ndiye Junior wangu.

Mkenya wa Dallas. Jumatatu, saa 4 asubuhi

Mama, naomba unisamehe. Nimerudi kusoma kuanzia juu. Pole kwa nyanya yake. Naomba msimamizi aifute barua yangu kama inawezekana.

Kaka wa Houston. Jumatatu, saa 6 mchana

Haifutiki, ni barua pepe hii, imeshatufikia wote.

Dada, nilinyamaza jana kwa sababu ya uhamiaji siujui. Laini naijua. Nimecheza gadi miaka miwili chuo kidogo huku Texas, goti ndilo lililonitoa. Mchezo wa Jumamosi nimeurekodi na nimeurudia mara nne, mke wangu shahidi. Mwenzetu wa Dallas ameona mtu akipitwa, hakuona kwa nini.

Laini ni watu watano na kichwa kimoja. Senta katikati, gadi wawili, na wale wawili wa pembeni. Kotabeki wao anatupa kwa mkono wa kulia, kwa hiyo kushoto ni kisogo chake, na kisogo hicho ndicho anachokilinda Junior. Kosa la kwanza ni kweli lake: alirudi nyuma upesi mno kuziba njia ya nje, yule jamaa akakata ndani. Hilo halina utetezi.

Kosa la pili na la tatu tazama vizuri. Wapinzani wanabadilishana njia: wa nje anaingia ndani, wa ndani anazunguka nje. Dawa yake ni kupokezana. Junior anamwachia gadi yule anayeingia, na yeye anampokea anayezunguka. Ni kama makondakta wawili wa daladala wanapopeana abiria: usipofungua mlango mwenzio akashusha, abiria yuko barabarani. Junior alifungua mlango mara zote mbili. Gadi wake ni mtoto wa mwaka wa kwanza, aling'ang'ania mtu wake wa mwanzo, akamfuata mpaka kwenye mbavu za Junior, na hapo katikati pakabaki uwanja wa ndege. Kwenye televisheni unaona jezi 74 ndiyo iliyo karibu, unatukana 74.

Halafu kelele. Walikuwa ugenini, hakuna anayesikia sauti ya kotabeki. Gadi anamgusa senta, senta anatikisa kichwa, anahesabu, mpira unatoka. Wa pembeni yeye lazima aangalie kichwa cha senta na huku macho yanataka kumtazama adui. Ukichelewa robo ya sekunde umepitwa, ukiwahi ni kosa, yadi tano. Na senta mwenyewe si yule wa mwezi wa tisa, yule aliumia, huyu alikuwa gadi wa kulia. Wamehamisha watu wawili kuziba pengo la mmoja. Hiyo kazi ya kocha, si ya mtoto wa mtu.

Bibi Shangani, Toronto. Jumatatu, saa 8 mchana

Jamani. Mjukuu wangu anafuata mchezo huo huo, na kundi lao la Kiswahili huko simuni huyo wa pembeni, "tackle" kwa Kiingereza, wanamwita "tako la kushoto". Nilipomuuliza ndiyo nini hayo, akaniambia ndiyo cheo chake. Nashukuru kaka wa Houston umeandika kwa adabu. Humu mna watoto.

Mkenya wa Dallas. Jumatatu, saa 8 na nusu mchana

Bibi, shikamoo. Mimi nilikuwa nimesema tuite takoli.

Bibi Shangani, Toronto. Jumatatu, saa 9 alasiri

Marahaba. Haijasaidia sana.

Lakini niseme: huyo mtoto analinda kisogo cha mwenzie na yeye mwenyewe hana wa kumlinda chake. Mimi nikiona picha za kiwanja chao, watu laki moja na zaidi kule Ann Arbor, Michigan, nakumbuka Uwanja wa Amani enzi hizo, juu ya ukuta kumejaa vijana wasio na tiketi, muuza kahawa anagonga vikombe. Huku watu wanachoma nyama maegeshoni tangu alfajiri na hakuna hata mmoja atakayekuita uonje. Umesimama na njaa yako na moshi wao.

Babu Fedha, Minneapolis. Jumatatu, saa 11 jioni

Bibi, Simba na Yanga pale kwa Mkapa, watu 60,000, hakuna anayeuliza kama mishkaki uliyopewa ni ujira.

Haya yote ni kwa sababu hatuna uraia pacha. Serikali ya Tanzania imetuletea Hadhi Maalumu badala yake, ambayo ni kumwambia mtoto wako ni mgeni mwenye heshima.

Mkenya wa Dallas. Jumatatu, saa 11 na robo jioni

Sisi tunayo tangu katiba ya 2010. Karibuni.

Dada wa Maryland. Jumatatu, saa 12 jioni

Uraia pacha unahusianaje na F-1? Junior hana uraia wa Marekani wa kuupachia! Babu, kila uzi unaishia hapo, hata ule wa kununua freza.

Mama Junior, sikiliza. Usimwache akaandika maelezo peke yake. SEVIS, jalada lake la serikali la mwanafunzi mgeni, ikifungwa kwa kazi isiyo na ruhusa hakuna siku za kujipanga, si kama zile 60 za anayemaliza masomo. Na kurejeshewa hadhi kwa fomu ya I-539 kuna sharti kwamba hukufanya kazi bila ruhusa, kwa hiyo neno moja baya kwenye karatasi linafunga milango miwili. Wakili wa uhamiaji kwanza, si wakili wa timu, timu ina wakili wake na kazi yake ni timu. Na muulize Junior ana masomo mangapi ya mtandaoni muhula huu. Wachezaji wanapenda ya mtandaoni kwa ajili ya mazoezi, na F-1 anahesabiwa moja tu katika zile krediti 12 za lazima.

Mama Junior, Indianapolis. Jumatatu, saa 3 usiku

Asanteni nyote. Ana mawili ya mtandaoni. Ana krediti 15, nimepiga hesabu vidoleni, nikitoa somo moja lisilohesabiwa zinabaki 12, ukingoni kabisa.

Kaka wa Houston, nimempigia nikamsomea maneno yako ya gadi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nisimwambie mtu, yule mtoto wa mwaka wa kwanza ni rafiki yake na wanakaa chumba kimoja. Sasa nimewaambia watu mia nne.

Na kuna jambo naona aibu kuliandika. Wameshinda tano. Wakifika sita wanakwenda kwenye bowl, ile mechi ya baada ya msimu, na bowl ni Desemba, haendi Moshi hata kama viza ingekuwepo. Zimebaki mechi mbili. Jumamosi nilikuwa nimekaa mbele ya televisheni na rozari mkononi, na sikujua naomba nini.

Kaka wa Houston. Jumatatu, saa 4 usiku

Kwa laini hii dada, Desemba yuko huru. Nisamehe.

Mama wa Atlanta. Jumanne, saa 1 asubuhi

Habari za asubuhi wanajumuiya. Naona kuna mtu ana tiketi ya Kilimanjaro Desemba. Kama kijana bado anakwenda, ana kilo za ziada? Nina mashine ya kupimia presha ya mama yangu na viatu jozi mbili. Na kwenye kurudi, kama si usumbufu, dagaa.