Gumzo la familia: Kitinda anapanda ndege kwenda usaili

Kitinda: Shikamooni wote. Nimeitwa usaili! Wale wa kazi ya maabara niliyoomba wamenijibu leo. Ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa tano asubuhi, na tiketi ya ndege wamenilipia wao, kwenda na kurudi. Sijawahi kupanda ndege, sijui hata naanzia wapi nikifika uwanjani. Naombeni msaada wenu.

Mama: Namshukuru Mungu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili mbili mwanangu.

Mjomba: Marahaba mpwa wangu. Hongera sana, umehangaika na hizo barua za maombi sisi tukiona.

Kaka Mkubwa: Hongera mdogo wangu. Tuma tiketi tuiangalie, ila kwanza ziba ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu sita, ndiyo namba ya safari yako. Mwenye namba hiyo pamoja na jina lako la ukoo anaweza kuingia kwenye tovuti ya shirika la ndege akabadilisha safari. Humu tuko ndugu, lakini picha husambaa.

Kitinda: [picha]

Shangazi: Marahaba mwanangu, na hongera. Nimekaa kaunta za uwanja wa ndege miaka mingi, kwa hiyo mnivumilie nitaandika marefu. Anza na jina. La kwanza na la ukoo yafanane na kitambulisho utakachoonyesha, herufi kwa herufi. Jina la kati likikosekana mara nyingi si neno. Herufi iliyokosewa inarekebishika leo bila shida. Asubuhi ya safari, foleni ikiwa nyuma yako, ni kazi.

Kitinda: Shangazi, kitambulisho changu kina "h" katikati ya jina la ukoo. Tiketi haina.

Shangazi: Basi lazima uwaandikie waliokukatia. Aliyenunua tiketi ndiye anayeomba marekebisho.

Mama: Mimi sielewi. Hapo imeandikwa inaondoka Alhamisi 07:10. Atasafirije saa saba wakati usaili ni saa tano?

Shangazi: Wifi, tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi. 19:10 ingekuwa saa moja na dakika kumi jioni. Nimeona watu wazima wakija uwanjani mchana kwa ndege iliyoondoka asubuhi, wengine na watoto mgongoni. Na mtego mbaya zaidi ni 00:30. Tiketi ikisema Alhamisi 00:30, unatakiwa uwe uwanjani Jumatano usiku. Ukija Alhamisi usiku umechelewa siku nzima. Tena saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, na ya kufika ni ya mji unaofika. Kama miji inatofautiana saa, ukitoa moja kwa nyingine hupati muda wa safari.

Binamu: Ngojeni kidogo. Ndege inatua 08:35 Alhamisi, na usaili ni saa tano Alhamisi hiyohiyo? Hapana. Omba kwenda Jumatano.

Kitinda: Nitaonekana msumbufu kabla hata hawajaniona.

Binamu: Hutaonekana hivyo. Kazini kwetu nakaa upande wa wanaoita watu kwenye usaili. Tiketi hukatwa na mtu wa ofisini mwenye orodha ndefu; anatafuta ndege inayofika kabla ya muda, basi. Hajafikiria kwamba utaamka saa tisa usiku, ukae macho njia nzima, kisha uingie mbele ya watu wanne ukiwa huna nguvu. Msailiwa akituandikia kwa adabu, mapema, na sababu inayoeleweka, sisi tunaona mtu anayejua kupanga kazi. Anayetuudhi ni yule anayepiga simu asubuhi ya usaili kusema ndege imechelewa, na maskini hata si kosa lake. Waliokaa kumsubiri wana watu wengine sita siku hiyo. Nafasi ya kumrudisha wiki nyingine mara nyingi haipo.

Mjomba: Lakini wakisema hoteli hawalipi? Asije akajikuta hana pa kulala.

Binamu: Ndiyo maana anauliza, hadai. Wakikataa, tutajua mapema tujipange sisi wenyewe.

Shangazi: Niseme ukweli wote. Ndege ya kwanza ya asubuhi huwa na afadhali, kwa sababu ucheleweshaji hujilimbikiza kadiri siku inavyokwenda: ndege ileile inazunguka mji hadi mji, ikichelewa kituo kimoja na vingine vinafuata. Lakini asubuhi kuna ukungu, na hiyo nafasi aliyonayo ni saa mbili na dakika 25 tu, humohumo kuna kushuka, kutafuta usafiri na foleni za barabarani. Namuunga mkono Binamu. Usiku mmoja wa kulala mjini kabla ya usaili una faida kuliko ushauri wote tutakaompa hapa.

Kitinda: Naandikaje sasa? Mkono unatetemeka.

Binamu: Andika hivi, badilisha panapohitaji:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa mwaliko wa usaili na kwa tiketi, nimeipokea. Naomba marekebisho mawili. Kwanza, jina langu la ukoo limekosa herufi moja. Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho. Pili, ndege inafika saa mbili na nusu tu kabla ya usaili. Kama inawezekana, naomba kusafiri Jumatano ili ucheleweshaji wowote usiathiri ratiba yenu. Naomba pia kufahamishwa kama malazi ya usiku huo yatagharamiwa na ofisi, na kama tiketi inajumuisha begi. Nitashukuru kwa jibu lolote."

Kaka Mkubwa: Imetulia. Hilo la begi ni muhimu, tiketi nyingi za bei nafuu siku hizi ni za mtu na kibegi kidogo tu, kingine unalipia.

Kitinda: Nimetuma.

Mama: Wakati tunasubiri, mimi nimeshatoa lile sanduku kubwa la juu ya kabati.

Kaka Mkubwa: Mama, sanduku libaki juu ya kabati. Anakwenda kulala usiku mmoja. Begi moja la mkononi, analopanda nalo. Mashirika mengi hukubali kilo 7 hivi ndani ya ndege, mengine zaidi, aangalie la kwake kisha apime nyumbani. Mzigo unaokabidhiwa kaunta ndio unaopotea au kufika kesho yake. Nguo ya usaili, viatu, vyeti halisi, barua ya mwaliko, dawa, chaja, vyote viwe kwenye begi asilolitoa mkononi.

Mama: Na suti itakunjamana je?

Kaka Mkubwa: Koti uligeuze ndani nje, bega moja uliingize ndani ya jingine, ulikunje mara moja, liwe la mwisho kuingia, juu ya vyote. Akifika alitundike bafuni, afungulie maji ya moto mlango ukiwa umefungwa, mikunjo midogo inalegea. Na asisafiri ameivaa. Kikombe cha mwenzake kikimwagika hana nyingine.

Shangazi: Kama ndege imejaa na mhudumu akasema mabegi mengine yakawekwe chini, usione haya. Mwambie kwa upole kuna vyeti na nguo za usaili, na ukilazimika kulitoa, chomoa kwanza vyeti, dawa, simu na pawabenki, ile betri ya kuchajia simu. Pawabenki hairuhusiwi kabisa kwenye mizigo ya chini, betri za aina hiyo zikishika moto huko hakuna wa kuziona. Ndani inaruhusiwa hadi wati-saa 100, kipimo cha nishati ya betri, bila kuomba kibali. Iliyoandikwa mAh 20,000 ina kama wati-saa 74, uko salama, ila maandishi yasomeke. Iliyofutika maandishi wakaguzi wanaweza kuichukua.

Kitinda: Na mafuta ya kupaka, manukato?

Shangazi: Chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, zote ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha vilivyo ndani, usiozidi lita 1. Wanaangalia ukubwa wa chupa. Chupa ya mililita 200 iliyobaki tone inachukuliwa vilevile. Sharti hili lilikuja baada ya njama ya kulipua ndege kwa vimiminika iliyogunduliwa Uingereza mwaka 2006. Viwanja vingine vyenye mashine mpya vimeanza kulilegeza, na safari za ndani ya nchi baadhi hazibani hivyo, lakini wewe fuata mililita 100, hutasumbuliwa popote. Chupa ya maji nenda nayo tupu, ujaze ukishapita ukaguzi. Mkasi, wembe na kisu acha nyumbani.

Mjomba: Sasa mwelezeni akifika pale mlangoni inakuwaje. Mimi ndicho kilichonichanganya siku yangu ya kwanza, kila mtu anatembea haraka kama anajua anakokwenda.

Shangazi: Wengi wao wanafuata wa mbele tu. Mwanangu, hatua ni chache. Kabla ya siku yenyewe jisajili kwa safari kwenye simu. Mashirika mengi hufungua saa 24 hadi 48 kabla. Utapewa pasi ya kupandia ndege. Ihifadhi kama picha, maana intaneti hukatika palepale unapoihitaji, na ukiweza ichapishe. Baadhi ya mashirika ya bei nafuu hutoza ukitaka kaunta ikuchapishie. Siku ya safari, kwa safari ya ndani fika saa mbili kabla, kwa ya nje saa tatu. Kaunta hufungwa kati ya dakika 60 na 45 kabla ya kuondoka, na ikifungwa imefungwa, hata ukilia. Nimeshuhudia wakilia, na mikono yangu haikuwa na la kufanya.

Ukitoka hapo unakwenda kwenye ukaguzi. Unaweka begi kwenye trei, kompyuta unaitoa nje, simu, mkanda na sarafu vinatoka mwilini, wengine watakuambia vua na viatu. Ukirudishwa upite tena kwenye mashine au begi likifunguliwa, usitetemeke. Hawakushuku, mashine imelia tu. Jibu unachoulizwa, na usitamke neno "bomu" hata kwa utani, pale hakuna utani.

Baada ya ukaguzi ndipo watu wanapojisahau. Tafuta geti lako kwenye skrini, LIENDEE ulione kwa macho yako, ndipo ukae. Geti hubadilishwa, kwa hiyo kila baada ya muda tazama skrini tena. Saa ya kwenye tiketi ni ya ndege kuondoka. Mlango hufungwa dakika 15 au 20 kabla yake.

Kitinda: Nimehifadhi ujumbe huu shangazi. Na nikipotea?

Shangazi: Muulize yeyote mwenye sare, sema "ni mara yangu ya kwanza kusafiri kwa ndege." Tulikuwa tunafurahi kuambiwa hivyo kuliko kumwona mtu amekaa kimya kwenye geti lisilo lake.

Mama: Mimi ninachoogopa ni huko juu. Nasikia inatikisika.

Kaka Mkubwa: Mama, inatikisika, na ni hewa tu isiyotulia. Mabawa yameundwa yapinde, utayaona yakicheza, ndivyo yanavyotakiwa. Hatari ya mtikisiko ni kwa aliyesimama au asiyefunga mkanda, kwa hiyo mdogo wangu fungua mkanda pale tu unapotaka kwenda msalani. Nikwambie na sauti, maana hazielezwi na mtu. Mkishanyanyuka utasikia mngurumo na kishindo chini ya miguu: magurudumu yanaingia ndani. Muda mfupi baadaye injini zitapungua sauti na utahisi kama ndege inashuka. Haishuki, rubani amepunguza nguvu iliyotumika kuruka. Ile kengele ndogo ni wahudumu na marubani wanawasiliana. Na mkitua injini zitanguruma kwa nguvu ghafla, ndiyo breki inasaidiwa.

Binamu: Na masikio. Hewa ya ndani hupunguzwa mgandamizo, ni kama mtu yuko kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ndege inapoanza kushuka masikio huziba. Tafuna peremende, meza mate, piga miayo. Usilale wakati wa kushuka. Ukiwa na mafua makali muone daktari kabla, maumivu yake ni makubwa na unaweza kuingia kwenye usaili husikii vizuri. Kunywa maji pia, hewa ya humo ni kavu mno, koo hukauka.

Mjomba: Aombe kiti gani?

Kaka Mkubwa: Jirani na bawa mtikisiko ni mdogo kuliko mkiani. Kwa safari fupi kama hii, kiti chochote watakachompa kinatosha.

Kitinda: WAMEJIBU!!! "Asante kwa kutujulisha mapema. Jina limerekebishwa. Tumekuhamishia Jumatano, hoteli tumelipa usiku mmoja, karibu na ofisi." Tiketi mpya inasema 15:20, ni saa tisa na dakika ishirini alasiri. "H" ipo. Begi ni moja la mkononi, kilo 7.

Mama: Mungu awabariki hao watu.

Binamu: Unaona? Sasa jioni ya Jumatano, kabla jua halijazama, nenda kwa miguu hadi mlango wa ofisi uujue, uhesabu dakika. Na kurudi ni lini?

Kitinda: Alhamisi 16:00.

Binamu: Saa kumi jioni. Usaili wa saa tano unaweza kuendelea hadi saa saba, wengine hukutembeza maabara baadaye. Waulize leo unatarajiwa kumaliza saa ngapi. Ukikaa mbele yao huku unachungulia saa, wataona.

Shangazi: Na likitokea lolote ukaikosa ndege ya kwenda, usipande basi kimyakimya. Wapigie shirika na ofisi hapohapo. Mashirika mengi yakiona hukupanda ya kwanza hufuta na ya kurudi.

Kitinda: Sawa shangazi. Nawaandikia sasa hivi kuhusu muda wa kumaliza.

Kaka Mkubwa: Tunza risiti ya teksi na ile pasi ya kupandia ndege hata baada ya kushuka, ofisi nyingi huzidai ndipo zirudishe nauli. Jumatano nakuja kukuchukua saa tano na nusu, saa saba mchana uwe umeshaingia ndani.