Mrejesho: protini ya utando iliyokuwa ikigandana

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini protini ya utando (inayokaa kwenye ngozi ya mafuta ya seli) inayotengenezwa ndani ya bakteria E. coli iliishia kwenye mabonge, hata baada ya kuongeza GroEL, msaidizi wa kukunja protini. Mlikuwa sahihi: GroEL hukunja hasa protini za majimaji ya ndani ya seli. Protini ya utando inahitaji SRP, msafirishaji anayeinasa ingali inachomoza kwenye ribosomu (kiwanda cha protini) na kuipeleka kwa FtsY, kipokezi chake kwenye utando, kisha kwenye SecYEG, mlango wa utando. YidC, protini nyingine ya utando, husaidia sehemu zinazokimbia maji kutulia ndani ya mafuta ya utando. Milango hiyo ni michache, na IPTG (kemikali inayowasha utengenezaji wa protini) 1 mM kwa nyuzi 37 huizidi nguvu.

Kilichofaa: E. coli aina ya C43(DE3), IPTG 0.1 mM, nyuzi 20, usiku kucha. Hapa Kampala umeme ukikatika mtikiso wa chupa za bakteria husimama na hewa hupungua, basi mashine ya kutikisa iwe kwenye laini ya jenereta.

Seli zikishapasuliwa, zungusha kwenye sentrifuji kwa 10,000 g (mara 10,000 ya uvutano) dakika 20 kuondoa mabonge, halafu maji yaliyobaki juu yazungushe kwa 100,000 g saa moja. Mashapo laini ya kahawia, yanayopitisha mwanga kidogo, ndiyo utando. Na tafadhali, sampuli ya jeli (ya kutenganisha protini kwa umeme) msiichemshe kwa nyuzi 95: protini hugandana, ikabaki juu kwenye kisima cha jeli, mkadhani haipo. Nyuzi 37 kwa dakika 30 zinatosha.