Mnawalipa watu 12 wenye suti, sisi watatu tuliojenga mfumo mnatuzungusha

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Jana saa nne usiku simu yangu imeita. Namba naijua, ni ya mzee mwenye biashara ambaye mimi na wenzangu wawili tulimjengea mfumo wa kompyuta, na kwa miezi saba hajapokea simu yangu wala kujibu meseji. Nimepokea, nimemwamkia shikamoo, kaitikia marahaba haraka haraka, kisha: "Mwanangu, mfumo umevurugika. Wateja tunaowadai wanaonekana wamelipa kuliko deni lenyewe. Njoo kesho asubuhi na wenzako mtuangalizie." Mtuangalizie! Hela yetu hakuigusia hata kwa neno moja.

Ngoja niwape kisa tangu mwanzo, kwa sababu najua humu wapo wengi waliojiajiri kwenye programu na wamepita njia hii hii.

Sisi tuko watatu. Mimi nashughulika na seva, hifadhidata na malipo. Wa pili ni jamaa niliyesoma naye chuo, anajenga kurasa na programu za simu. Wa tatu ni dada mmoja aliyekaa dirishani kwenye duka la dawa miaka sita kabla hajajifunza kazi ya kupima mifumo. Ofisi hatuna, tunakutania sebuleni kwangu Tabata. Mwenzako akiandika kitu cha ovyo unamwambia pale pale, na anakirekebisha kabla chai haijapoa.

Mteja ni muuzaji wa jumla wa dawa na vifaa tiba Kariakoo. Alikuwa anaendesha stoo kwa madaftari na mafaili ya Excel yaliyogongana. Tulikubaliana shilingi 9,000,000 kwa wiki nane. Asilimia 30 ya kuanzia, 30 nyingine mfumo ukianza kufanya kazi duka kuu, na 40 ya mwisho tukikabidhi. Mkataba wa kurasa mbili, tukatia saini.

Wiki ya tatu likaingia lile neno ambalo kila mtu wa fani hii akilisikia tumbo linamkata: "kitu kidogo tu". Kitu kidogo tu, wauzaji wa barabarani nao wawe na programu kwenye simu. Kitu kidogo tu, mfumo utume meseji kwa wadaiwa. Kitu kidogo tu, tumefungua tawi Mbagala, liunganishwe. Kila ukisema hiki hakimo kwenye mkataba unaambiwa, "Kijana, tunajenga uhusiano, kazi zipo nyingi huko mbele." Nikamwandikia bei ya nyongeza mara mbili. Hakuikataa, hakuikubali. Alinyamaza, na kazi akaendelea kuidai. Wiki nane zikawa miezi mitano.

Na hizo jumbe za sauti! Saa sita usiku, dakika nne nzima, ndani yake kuna ombi moja limefichwa kati ya habari za msiba na foleni ya Mbagala. Usipolisikia, kesho yake wewe ndiye mzembe.

Hesabu ya hela iko hivi. Awamu mbili walizolipa ni milioni 2.7 kila moja. Wakakata kodi ya zuio asilimia 5, sawa, ni sheria, lakini cheti cha hiyo kodi hadi leo hawajanipa, na bila cheti siwezi kuonyesha popote kwamba nilikatwa. Tukabaki na 5,130,000. Gawa kwa watu watatu, gawa kwa miezi mitano: 342,000 kwa mtu kwa mwezi. Hapo hujatoa bando, seva, luku, wala nauli ya Kariakoo na Mbagala. Hii ndiyo hela ya watu ambao wakipita mtaani wanaitwa "watu wa kompyuta, nyie mna hela".

Sasa niwaambie tulichojenga, maana hapa ndipo kwenye uchungu wangu.

Yule dada wetu siku ya kwanza alikwenda stoo, akakaa pembeni, akatazama watu wanavyotoa mzigo. Karudi na jambo moja: mfumo ukitoa dawa kwa kufuata iliyoingia kwanza, mtaua biashara ya huyu mzee. Kwa dawa kinachotangulia kutoka ni kile kinachokaribia kuisha muda, na mzigo ulioingia leo unaweza kuwa na tarehe fupi kuliko ulioingia miezi mitatu nyuma. Tukabadilisha mpango mzima wa stoo, kila boksi likafuatwa kwa namba ya bechi (kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja) na tarehe yake. Mteja hakuwa ameliomba hilo. Hakujua kwamba anatakiwa kuliomba. Mtu aliyewahi kushika hizo dawa kwa mikono yake ndiye aliyeliona.

La pili ni malipo. Mteja akilipa deni kwa simu, kampuni ya simu inarusha taarifa kwenye seva yako kwamba hela imeingia. Seva yako ikichelewa kujibu, labda mtandao umeyumba, taarifa ile ile inaweza kurushwa tena. Isipokuwa umejipanga, mfumo utaandika malipo mawili kwa hela moja. Dawa yake ni kuweka kumbukumbu ya kila namba ya muamala, na hifadhidata yenyewe ikatae namba hiyo isiingie mara ya pili. Mistari michache tu. Hakuna anayeiona kwenye skrini, haina rangi, haiwezi kuonyeshwa mkutanoni. Niliiandika usiku mmoja, dada akaipima kwa kuirushia seva taarifa moja mara hamsini. Malipo yakaingia mara moja tu, deni likapungua mara moja tu.

Nimesema mzee kapiga simu jana kwa sababu gani? Wateja wanaonekana wamelipa kuliko deni. Umeelewa sasa.

Kilichotokea katikati ni hiki. Tulipofika kwenye kukabidhi, akaletwa ndugu mmoja wa familia kuwa meneja wa TEHAMA. Akaniambia mfumo mkubwa kama huu hauwezi kutegemea "vijana watatu wa sebuleni". Wanahitaji kampuni yenye timu. Akaomba nimkabidhi msimbo wote, yaani maandishi yenyewe ya programu, "kwa ukaguzi" kabla ya awamu ya mwisho kulipwa. Nikampa. Hilo ni kosa langu, nalikubali, na nawaambia wadogo zangu mnaoanza: usitoe msimbo kabla hela haijasoma kwenye akaunti, hata aliyekuomba akiwa mjomba wako.

Baada ya hapo nikaanza kuzungushwa. Mhasibu kasafiri. Mzee yuko Dodoma. Hundi inasubiri saini. Njoo Alhamisi. Tumepokea invoisi yako ila iandike upya kwa jina jipya la kampuni. Baadaye simu hazipokelewi. Shilingi 3,600,000 zetu ziko huko hadi leo.

Kampuni ikaja. Watu 12. Wa mauzo, wa mradi, msimamizi wa msimamizi wa mradi, wachoraji, na vijana wa mafunzo kwa vitendo ambao ndio hasa walikuwa wanaandika msimbo. Mmoja wao, kijana mwenye adabu sana, alinipigia kuniuliza lile jedwali la namba za miamala ni la nini, mbona halionekani likitumika kwenye ukurasa wowote. Nikamweleza. Akaniambia ameshaagizwa aliondoe, wanaandika upya kila kitu kwa miezi minne. Huyo kijana simlaumu. Kabebeshwa mzigo, hakuna mtu mzima wa fani aliyekaa naye.

Na stoo wameirudisha kwenye "iliyoingia kwanza". Nimeambiwa na mtu wa huko ndani kwamba kuna katoni za dawa za maji za watoto zimeishia muda zikiwa rafuni. Hizo ni za kuteketezwa, na kuteketeza dawa kwa utaratibu nako ni gharama.

Ninachotaka kusema kwa wenye biashara mnaosoma hapa ni kwamba mmekariri vibaya. Mnadhani programu ni kama kubeba mifuko ya saruji, ukiongeza watu inaisha mapema. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa, pale IBM miaka ya 1960 akiwa na jeshi la watu, aliandika mwaka 1975 kwamba mradi wa programu uliochelewa ukiuongezea watu unazidi kuchelewa. Leo ni nusu karne, na bado tunafanya vile vile. Sababu yake haihitaji shahada. Watu watatu wana njia tatu za kuelewana: mimi na jamaa, mimi na dada, jamaa na dada. Watu 12 wana njia 66. Kila njia ni mahali ambapo neno linaweza kupotea. Lile jedwali langu lilipotelea kwenye moja ya hizo 66, kwa sababu aliyejua kazi yake hakuwa chumbani na aliyekuwa chumbani hakupewa nafasi ya kusikilizwa.

Mtasema watatu hawawezi kitu kikubwa. Mwanzoni mwa Januari 2008, Kenya ikiwa inawaka baada ya uchaguzi, watu wachache sana, akina Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walisimamisha Ushahidi ndani ya siku chache. Wananchi wakawa wanatuma taarifa za ghasia, zinaonekana kwenye ramani. Hakukuwa na tenda wala kamati. Miaka miwili baadaye programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Jina la Kiswahili, kazi ya watu wa kujaa meza moja.

Na hiyo WhatsApp ambayo mzee ananirushia ujumbe wa sauti saa sita usiku, Facebook ilipotangaza kuinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19, ilikuwa na wafanyakazi 55 na watumiaji milioni 450 kwa mwezi. Wafanyakazi 55! Kuna ofisi mjini hapa zina watu zaidi ya hao na tovuti yao haifunguki kwenye simu.

Simaanishi kila kikundi kidogo ni kizuri. Wapo vijana wawili watatu wanaopakua mfumo wa bure, wanabadilisha nembo, wanakuuzia milioni tano na kuzima simu. Hao wametuharibia soko na nawachukia kama mnavyowachukia nyie. Nazungumzia watu wachache waliobobea, kila mmoja anajua sehemu yake na anaheshimu ya mwenzake. Mtu kama yule dada akikwambia "hii hapana", unaacha. Kikundi cha namna hiyo hukipati kwa kutangaza kazi. Sisi imetuchukua miaka minne kuzoeana.

Kuna watakaosema achana na wateja wa hapa, nenda Upwork, lile soko la kazi za mtandaoni. Nimekwenda. Pale unalipia hata kuomba kazi, ukipata wanakata chao, na unagombania bei na dunia nzima. Hela ikipatikana inabidi uzungukie Payoneer, huduma nyingine ya kupokea hela kutoka nje, maana PayPal ya Tanzania inatuma, haipokei. Halafu tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mteja wangu wa nje aliniona nimetoweka kwenye wiki ya makabidhiano. Nilimweleza baadaye, akaelewa, lakini kazi alishampa mwingine. Kwa hiyo msituambie huko ndiko kwenye ahueni.

Kinachoniumiza zaidi ya hela ni kumpoteza mtu. Dada yetu ameanza kuomba kazi za kuajiriwa, hata za kuuza dawa tena. Ana mtoto anayeanza darasa la kwanza Januari, na hawezi kuishi kwa "njoo Alhamisi". Akiondoka sitampata mwingine. Nitabaki na jamaa yangu, tutajenga mifumo mizuri kwa macho, na siku moja tutakosea kile ambacho yeye angekiona siku ya kwanza.

Leo asubuhi sikwenda Kariakoo. Nimemwandikia mzee barua ya ukurasa mmoja: 3,600,000 za mkataba kwanza, cheti cha kodi ya zuio kwa awamu zote mbili, na kazi ya kurekebisha ina bei yake mpya, nusu inalipwa kabla sijafungua kompyuta. Jamaa ananiambia nimekuwa mkali, tungekwenda kwanza tukaangalie, pengine akiona tumemwokoa atalipa yote. Dada kasema nisiguse kitu.

Alijibu saa nane mchana. Ujumbe wa sauti, dakika tatu. Anasema amesikitika, alinichukulia kama mwanae.

Aliyewahi kudai hela ya mkataba wa namna hii hadi akalipwa, aje anieleze alianzia wapi na ilimchukua muda gani. Mkataba ninao, risiti ninazo, meseji zote ninazo. Na kama kuna mwanasheria humu, naomba anifuate kwenye ujumbe wa faragha.