Mjadala: Sheria ikishaamua kwamba mshtakiwa alijua, jaji anabaki na kazi gani?

Machi 2025 mahakama ya Ho Chi Minh City, nchini Vietnam, ilimhukumu kifo mwanamke Mkenya aliyekuwa amekamatwa uwanja wa ndege mwaka 2023 na zaidi ya kilo mbili za kokeini ndani ya begi. Alijitetea kwamba alikabidhiwa begi hilo alifikishe kwa mtu mwingine, wala hakujua kilichofichwa humo. Nilizungumza na watu wengi kuhusu habari hiyo, wakiwamo ndugu zangu, na jibu lao lilikuwa karibu lilelile: hakuna mtu mzima asiyejua anachobeba, basi sheria ichukue mkondo wake. Miezi mitatu baadaye Bunge la Vietnam liliondoa adhabu ya kifo kwa kosa la kusafirisha dawa za kulevya, na waliokwisha kuhukumiwa kifo kwa kosa hilo wakabadilishiwa adhabu kuwa kifungo cha maisha. Baada ya hapo watu walinyamaza. Naomba tulirudie suala hili, kwa kuwa ile kauli kwamba hakuna asiyejua anachobeba, ambayo kwetu ni maoni ya barazani, kuna nchi imeandikwa kuwa sheria.

Nchi hiyo ni Singapore. Heroini ikizidi gramu 15, au bangi ikizidi gramu 500, adhabu ya mfanyabiashara ni kifo. Tunaojua mahakama za kwetu tumezoea kanuni kwamba upande wa mashtaka ndio unaobeba jukumu la kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka. Kule, ikithibitika kwamba begi ulilishika wewe, au kwamba ufunguo wa chumba kilichokutwa na dawa ulikuwa mfukoni mwako, sheria inachukulia kwamba dawa zile ulikuwa nazo wewe, na inachukulia pia kwamba ulijua ni dawa gani. Heroini ikizidi gramu 2 inachukuliwa kuwa ni ya biashara, ingawa Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2018 kwamba dhana hii ya biashara, yaani jambo linalochukuliwa kuwa kweli mpaka mshtakiwa alipinge, haiwezi kutumiwa pamoja na zile mbili za kwanza.

Wanaoitetea sheria hii husema kwamba mshtakiwa anaruhusiwa kuzipinga dhana hizo. Ni kweli anaruhusiwa, lakini nauliza: mtu anathibitishaje kwamba hakujua jambo? Shahidi wa kutojua hayupo. Anabaki na neno lake, na neno hilo hupimwa kwa kulinganishwa na maelezo aliyoandikisha polisi siku za mwanzo, akiwa na hofu na bila wakili.

Tangaraju Suppiah alinyongwa Singapore tarehe 26 Aprili 2023 kwa kushiriki njama ya kusafirisha gramu 1,017.9 za bangi. Dawa zile hazikuwahi kukutwa mikononi mwake. Kilichomfunga ni namba mbili za simu zilizosemekana kuwa zake, pamoja na ushahidi wa watu wengine waliohusishwa na mzigo. Alihojiwa bila wakili, na alidai kwamba aliomba mkalimani wa Kitamil asipewe, dai ambalo mahakama haikuliamini. Sisemi kwamba hakuwa na hatia. Ninachosema ni kwamba kwa ushahidi wa namna hiyo, wengi wetu tusingekubali ndugu yetu afungwe hata miaka mitano.

Mwaka 2012 sheria ililegezwa kidogo, na hapa ndipo ninapoona tatizo kubwa kuliko yote. Aliyethibitika kuwa punda tu, yaani mbebaji asiye na sauti katika biashara, anaweza kupewa kifungo cha maisha badala ya kifo iwapo atapata cheti kwamba aliwasaidia wapelelezi kwa kiwango cha maana. Cheti hicho hutolewa na mwendesha mashtaka. Jaji akishamtia punda hatiani bila cheti, na ikiwa hakuna ugonjwa wa akili uliothibitishwa, hana uchaguzi, anatamka kifo. Lakini punda ndiye mwenye machache kuliko wote ya kusema, kwani hamjui tajiri wala njia, hivyo anayeijua biashara kwa undani ndiye mwenye kitu cha kubadilishana na uhai wake.

Nchini Indonesia, Mary Jane Veloso kutoka Ufilipino alikamatwa Yogyakarta mwaka 2010 na kilo 2.6 za heroini kwenye sanduku. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2015 wafungwa wengine wanane waliohukumiwa kifo walipigwa risasi kisiwani Nusakambangan. Yeye aliahirishiwa dakika za mwisho, baada ya mwanamke aliyedaiwa kumwajiri kujisalimisha kwa polisi wa Ufilipino siku moja tu kabla. Desemba 2024 alirudishwa kwao. Mwanamke yule angechelewa siku moja, sanduku lile lisingekuwa na wa kulisemea.

Najua machungu ya wanaopinga hoja yangu. Pwani yetu imepitishiwa unga kutoka Makran, pwani ya Iran na Pakistani, kwa miaka mingi, na binamu yangu ni mmoja wa vijana tuliowazika. Aliyemuuzia namtakia kifungo kirefu. Lakini waliokamatwa na dawa zile ni vijana wa kubeba, wala sijamsikia mwenye jahazi hata mmoja akisimama kizimbani. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2018 kwamba makosa ya dawa za kulevya hayawezi kuhesabiwa miongoni mwa yale makubwa kabisa yanayoruhusu kifo. Mtu anaweza kuikataa hoja hiyo na bado akakubaliana nami kwamba kesi iendeshwe kwa haki.

Kwa hiyo wanaounga mkono adhabu hii naomba wasinijibu kuhusu ubaya wa dawa, maana hapo tumekubaliana. Wanijibu hili: kwa nini cheti cha kuamua nani aishi kitoke kwa mtu yuleyule aliyemshtaki?