Nimelipia seti nzima ya taimingi, wamefunga mkanda peke yake, sasa wanataka kuniuzia injini!

Wakuu, mtanisamehe, leo salamu zangu ni fupi. Nimechafukwa na roho na nataka kila mwenye gari la zamani hapa Uganda asome hii kabla hajapeleka funguo kwa mtu.

Gari ni Toyota Ipsum ya 1998, ile ya toleo la kwanza, injini 3S-FE, petroli, lita 2. Naikodisha kwa safari za harusi, misiba na watu wa mpakani, kwa hiyo ikilala, nyumbani pia tunalala njaa. Nimeona nikijibiwa kwingine eti "uza hiyo takataka ununue mpya". Ndugu yangu, tangu sheria ya 2018 izuie kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, sisi wenye haya tuliyonayo tunayatunza kama wazazi. Mpya utaninunulia wewe?

Mkanda wa taimingi, ule unaounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu), kwenye injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000. Lakini gari lililotoka Japani, likapita Mombasa, likapita mikono ya watu kadhaa hapa Kampala, namba ya kwenye dashibodi nani ataiapia? Nikaamua kubadilisha kabla halijanishtua. Nikaenda gereji moja upande wa Kisekka, kule kwenye soko la spea. Jina nimelihifadhi mpaka nimalizane nao kisheria, msiniulize inboksi.

Tukakubaliana seti nzima: mkanda, beringi zote mbili, yaani ya tenshena inayoukaza mkanda na ile ya kuuongoza, pampu ya maji, na sili zinazozuia oili isivuje: sili ya krenki, sili ya kamshafti na sili ya pampu ya oili. Spea pamoja na ufundi, shilingi 780,000. Na sikilizeni hii: aliyenieleza kwa nini lazima viende vyote pamoja ni yeye mwenyewe mkuu wa gereji! Akanifundisha vizuri kabisa, kwamba kwenye 3S mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji na pampu ya oili, kwamba kuufikia ni lazima uweke jeki chini ya injini, ufungue mauntini ya pembeni inayoishikilia injini, utoe pulii ya krenki, na kwamba pampu ikifa baadaye utalipia ufundi ule ule mara ya pili. Sili ikivuja, oili inamwagikia mkanda na kuulainisha. Yote kweli. Mtu anayejua haya yote hawezi kusema hakujua alichokuwa anafanya.

Jioni nafika, nakuta boksi zimepangwa juu ya boneti: boksi la mkanda, la pampu, za beringi, vifuko vya sili. Mkanda wa zamani nikapewa mkononi. Nikauliza vile vingine vilivyotolewa viko wapi. "Aa mzee wangu, kijana ameshavitupa kwenye vyuma chakavu." Nikapewa risiti ya mkono, kila kitu kimeandikwa na bei yake. Boksi nikatupia kwenye buti. Tupu, bila shaka, kwa sababu spea ziko kwenye injini. Ndivyo mtu yeyote angefikiri.

Miezi haikupita mingi. Natoka Kampala kwenda Jinja na abiria, katikati ya msitu wa Mabira, sijafika Najjembe pale kwenye kuku wa kuchoma, injini ikazimika. Haikupiga kelele, haikutoa moshi, ilizima tu kama mtu amegeuza swichi. Nikipiga stata inazunguka haraka na kwa wepesi usio wa kawaida, haina ule ugumu wake. Nikampigia simu mkuu wa gereji. Hakuuliza hata swali moja. Hajaona gari, hajasikia sauti, akatoa hukumu: "Mzee, hapo valvu zimepinda. Hedi imekwisha. Usimruhusu mtu afungue, atakuharibia zaidi. Livute mpaka huku nikutafutie injini eks-Japani, yaani iliyotumika kule, milioni mbili na nusu, na ufundi nitakupunguzia kwa sababu wewe ni mtu wetu."

Mtu wetu!

Abiria nikawatafutia gari jingine, nauli nikarudisha. Shemeji yangu wa Jinja akaja na gari lenye kamba, akasema kurudi Kampala ni mbali, twende kwa fundi anayemfahamu. Mimi wakati huo nilishaanza kupigia watu simu za mkopo wa hiyo injini.

Yule mzee wa Jinja hakusema neno. Akafungua kifuniko cha kujazia oili, akamwambia shemeji apige stata, akachungulia ndani. "Kamshafti imelala, haizunguki. Mkanda." Akatoa kava ya juu ya mkanda, na hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu. Mkanda ni mpya kweli, maandishi yake bado yanasomeka, lakini meno yamenyolewa kabisa sehemu iliyokuwa imekaa kwenye pulii ya krenki, na ukingo mmoja umechanika nyuzi. Tenshena imekwama, haizunguki hata ukiishika kwa mikono miwili, chuma chake kimegeuka rangi ya buluu kwa moto. Beringi ya pili inazunguka lakini inakwaruza. Pampu ya maji ina ukoko wa kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka chini ya kile kitundu chake cha kuvujia, ukoko wa miaka, si wa miezi. Sili ya kamshafti imelowa oili. Boliti nne za kava hazipo. Mzee akaishika tenshena akaniambia, "Hii imekuja na gari kutoka Japani. Hakuna aliyeigusa."

Nikaenda kwenye buti nikamletea boksi zake. Akacheka, mimi sikucheka.

Sasa kuhusu valvu. Wenye 3S-FE wekeni hili akilini: pistoni na valvu za injini hii hazikutani. Mkanda ukikatika inazima na kukuacha barabarani, basi. Kuna injini ambazo zikikatika mkanda kweli unalia: 3S-FSE, ile ya D4 inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na dizeli za mkanda kama 5L ya Hiace au 1HZ ya Land Cruiser, huko pistoni inapanda mpaka juu na hakuna nafasi. Fundi anayefunga 3S kila wiki anaijua tofauti hiyo. Na hata kama angekuwa na wasiwasi, si unapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwanza ndipo umwambie mtu auze shamba?

Mzee wa Jinja ndivyo alivyofanya. Akafunga seti mpya, na safari hii nilisimama pale pale nikiona kila kipande kikitoka kwenye boksi na cha zamani kikiwekwa kwenye beseni langu. Akalinganisha alama, krenki kwenye sifuri, tundu la pulii ya kamshafti kwenye alama yake, kisha akazungusha krenki kwa spana mizunguko miwili mizima kwa mkono, alama zikarudi palepale. Stata moja, injini ikawaka. Akapima kompresheni, silinda zote nne ziko sawa. Hakuna valvu iliyopinda. Hakuna hedi iliyokwisha. Bili yake 640,000, spea na ufundi.

Nikarudi Kampala na beseni langu, risiti na boksi. Mnajua walinijibu nini? Kwanza: "Spea za siku hizi ni feki, mlaumu muuza duka." Nikamuuliza, feki gani inayotengenezwa ikiwa tayari na ukoko wa miaka kumi? Akabadilisha wimbo: "Gari limeshafunguliwa na fundi mwingine, kwa hiyo dhamana imekufa." Yaani nilitakiwa nilivute kilomita zote zile nilirudishe kwa mtu yuleyule, afungue mwenyewe, ushahidi atupe mwenyewe kwenye vyuma chakavu, halafu aniuzie injini ambayo sihitaji. Na injini yangu nzima, isiyo na tatizo, ingebaki kwake. Fikirieni ingeuzwa kwa nani na kwa bei gani. Mimi nimeshafikiria, na ndiyo maana silali.

Sitaki ugomvi wa ngumi. Nataka pesa za vitu ambavyo havikufungwa, gharama ya Jinja na nauli nilizorudisha. Jumla haifiki hata karibu na milioni 10, kwa hiyo naingia kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, ambao hauhitaji wakili. Aliyewahi kupitia pale mahakama ya Mengo anisaidie mambo mawili: risiti ya mkono isiyo na muhuri, ila ina sahihi na namba ya simu ya gereji, wanaikubali? Na yule fundi wa Jinja inatosha aandike maelezo, au lazima nimlete asimame mwenyewe? Picha za tenshena na pampu ninazo, na vyenyewe viko kwenye beseni chini ya kitanda, havitoki hapo.

Na wewe uliyefungiwa taimingi upande huo mwaka huu, hasa mwenye Ipsum, Carina au Premio ya zamani, toa ile kava ya juu umulike na tochi. Ukikuta tenshena nyeusi kwa uzee, weka picha hapa.