Programu inasema droo ina milioni 14, ukiifungua ni laki sita

MsumariNchi4

Habari wakuu. Duka ni la vifaa vya ujenzi, Morogoro, limesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Mauzo ni kama 1,200,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Daftari liliachwa miezi mitatu iliyopita, sasa kila kitu kinaingizwa kwenye programu ya uhasibu. Jioni kijana wa kaunta anaingiza mauzo ya siku, manunuzi yanaingizwa ankara zikikusanyika. Mwisho wa mwezi programu inasoma hivi:

Fedha taslimu 14,380,000. Droo ina 640,000.
Benki hasi 8,915,000. Benki yenyewe ina 1,260,000.
Lipa Namba (tunayopokelea malipo ya simu) haipo kabisa kwenye programu. Simu inaonyesha 740,000.
Msambazaji wa saruji anadai 9,500,000, na alishalipwa yote.
Saruji stoo ni hasi 43. Nondo za mm 12 zipo sehemu mbili, "tani" na "kipande", na hazilingani na zilizopo.
Faida ya mwezi 6,100,000.

Je, tufute tuanze upya, au tatizo ni programu tuhamie nyingine?

LejaKuu

Usifute chochote na usihame. Ukihama leo utahamisha uchafu huohuo.

Kwanza tulia na hiyo milioni 14. Usilinganishe droo peke yake, jumlisha vyungu vyote. Programu: 14,380,000 toa 8,915,000, inabaki 5,465,000. Hali halisi: droo 640,000, benki 1,260,000, Lipa Namba 740,000, jumla 2,640,000. Kwa hiyo pesa isiyo na maelezo ni 2,825,000, si milioni 13 na ushee. Zilizobaki hazijapotea, zimekaa chungu kisicho chake: mteja alilipa kwa simu, kijana akaandika taslimu. Ile pesa ya simu ikaenda benki, ikalipa wasambazaji, na programu ikaona benki inatoa tu bila kuingiza. Benki ya kawaida haisomi hasi milioni 8 bila mkataba wa kukopa, hivyo ukiona hasi ya namna hiyo ujue kuna mapato yameandikwa kwingine.

Marekebisho:

Fungua akaunti tatu za aina ya benki au fedha: Droo, Lipa Namba, Benki. Kama una Lipa Namba za mitandao miwili, kila mmoja akaunti yake, usizichanganye. Pakua taarifa ya miamala ya Lipa Namba ya miezi yote mitatu, jumlisha mapokezi ya kila mwezi, halafu ingiza uhamisho mmoja kwa kila mwezi kutoka Droo kwenda Lipa Namba. Ukitoa Lipa Namba kwenda benki, huo nao ni uhamisho. Asiuandike mtu kama mauzo, maana hapo ndipo mauzo yanapohesabiwa mara mbili. Makato ya mtandao yanaingia kama gharama, kwa kiasi kilichoko kwenye taarifa.

Kuanzia kesho kijana aandike mauzo ya siku kwa mistari miwili: taslimu kiasi fulani, simu kiasi fulani. Jumla ya mistari hiyo pamoja na mali kauli (mauzo ya mkopo) iwe sawa na ripoti ya Z, yaani jumla ya siku, ya mashine ya EFD (ya risiti za kodi) ya siku hiyohiyo. Zikipishana, tafuteni jioni ileile kabla risiti hazijachanganyika.

Mizania_Tz

Naongezea kwa msambazaji wa saruji. Dalili ya mtu aliyelipwa lakini bado anasoma anadai ina sababu moja karibu kila mara: ankara iliingizwa kama ankara, malipo yakaingizwa kama matumizi mapya. Programu haiwezi kujua kwamba hiyo pesa ilikuwa ya ankara ile.

Fungua kila malipo uliyomlipa, ondoa akaunti ya matumizi, weka akaunti ya wadai na jina lake, hifadhi, kisha nenda sehemu ya kulipa ankara na uunganishe malipo na ankara husika. Deni litashuka hadi sifuri na gharama zitapungua kwa 9,500,000. Maana yake faida ya miezi mitatu ilikuwa imekandamizwa kwa kiasi hicho upande huu, na imevimbishwa upande mwingine (nitaona wengine watasema nini kuhusu saruji hasi). Hiyo 6,100,000 usiitumie kwa lolote kwa sasa.

Kitu cha kuangalia kwa macho mawili: yale malipo yaliyoandikwa kama matumizi yaliwekwa alama ya VAT? Kama ndiyo, basi VAT ya manunuzi mmeidai mara mbili, kwenye ankara na kwenye malipo. Hilo si la kurekebisha kimyakimya kwenye programu, ritani (taarifa za kodi za kila mwezi) za miezi hiyo zinabidi zirekebishwe TRA, mamlaka ya mapato. Kama hayakuwa na alama, ritani hazijaguswa na mko salama.

MamaStoo

Saruji hasi 43 ni kwamba mliuza kabla ya kuingiza ankara ya lori. Madhara yake si namba mbaya tu. Programu haina bei ya kununulia mfuko ambao haiujui, kwa hiyo nyingine zinachukua bei ya mzigo wa mwisho na nyingine zinaweka sifuri. Ikiweka sifuri, mifuko 43 kwa 16,500 inakupa 709,500 ambayo yote inasoma ni faida. Ankara ikiingia baadaye gharama inarudi kwa mkupuo, mwezi huu unaonekana umepata na ujao umepata hasara.

Utaratibu: mzigo unaandikwa kwenye programu kabla dereva hajaondoka, kwa idadi iliyohesabiwa wakati wa kushusha, si iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Bei ikiwa haijajulikana, weka ya mzigo uliopita, ankara ikija unairekebisha. Nauli iingie kwenye bei ya mzigo: mifuko 300 kwa lori la 300,000 ni 1,000 juu ya kila mfuko. Watu wengi wanaitupa nauli kwenye gharama za kawaida halafu wanashangaa saruji inaonyesha faida nzuri na pesa haionekani.

Nondo: futa kipimo cha tani kwenye kuuza, baki na kipande. Hesabu yake ni hii: mm 12 ina kilo 0.888 kwa mita, nondo ya mita 12 ni kilo 10.66, kwa hiyo tani ni vipande kama 94. Mm 10 ni kama 135, mm 16 ni 52 au 53. Lakini usiingize 94 kwa kukariri. Nondo nyingi zinazouzwa ni nyembamba kuliko namba yake, tani moja inaweza kushuka na vipande 97 au zaidi. Hesabu vilivyoshuka, gawa bei kwa hiyo idadi. Tani ya 2,350,000 kwa vipande 94 ni 25,000 kila kimoja, kwa 97 ni 24,227. Misumari nunua kwa katoni, lakini kwenye programu iwe kilo.

Kusawazisha: siku moja baada ya kufunga duka, hesabuni stoo yote, watu wawili, mmoja anahesabu mwingine anaandika, bila kuangalia namba za programu. Kisha ingiza marekebisho ya stoki kwa tarehe hiyo.

Risiti18

Mnasahau VAT. Kama mauzo yameingizwa bila alama ya kodi, 31,200,000 ya mwezi kwa kiwango cha 18% ina VAT ya 4,759,322 ndani yake, na yote inasoma mapato. Faida imevimba kwa milioni 4.7 kila mwezi.

Mizania_Tz

@Risiti18 mauzo ndiyo, ila manunuzi nayo yakiwa yameingizwa na VAT ndani, gharama nazo zimevimba. Mfano mzigo uliouzwa uliwagharimu 26,000,000 pamoja na VAT, humo ndani mna 3,966,102. Faida imevimba kwa tofauti, 793,220. Bado ni kosa, ila si milioni 4.7. Isipokuwa manunuzi yasiyo na risiti ya EFD: hayo VAT yake hairudi, inabaki kuwa sehemu ya bei ya mzigo.

Na kwa anayesoma: ukitoa VAT kwenye bei yenye VAT ya 18% unazidisha kwa 18 gawa kwa 118. Kwenye 118,000 ni 18,000. Ukipiga 18% ya 118,000 unapata 21,240, unajikata 3,240 ya bure. Kwenye programu chagua kwamba bei za mauzo zimejumuisha kodi, itafanya yenyewe. Ritani mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo fungeni hesabu kufikia tarehe 10 mpate nafasi ya kutafuta makosa.

MsumariNchi4

Asanteni sana wakuu. Kwenye ile 2,825,000 tumechambua: ada za shule na matumizi ya nyumbani 1,450,000, mali kauli zilizoandikwa kama mauzo taslimu 780,000, vijana wa kushusha 385,000, makato ya simu 118,000. Zinabaki 92,000. Malipo ya saruji hayakuwa na alama ya VAT. Zote hizi niziandike kama matumizi?

LejaKuu

Hapana, zinakwenda sehemu tatu tofauti.

1,450,000 ni mchoto wa mwenye mali, yaani pesa aliyojichotea kwa matumizi yake. Fungua akaunti hiyo chini ya mtaji, si chini ya gharama, haigusi faida. Hii ni kwa biashara ya jina la mtu mmoja. Ikiwa ni kampuni, iandikwe kama deni ambalo kampuni inamdai mkurugenzi, maana pesa ya kampuni si yako.

780,000 ni wadaiwa. Toa Droo, weka kwa jina la kila mteja. Faida haibadiliki kwa sababu mauzo yalishaingia, na VAT yake haingoji mteja alipe, risiti inatoka mzigo ukitoka.

385,000 na 118,000 ndizo gharama, jumla 503,000. Kushusha mzigo unaweza kuuweka kwenye bei ya mzigo kama MamaStoo alivyosema kwenye nauli.

Maingizo ya kugawa hiyo 2,825,000 yabebe tarehe ya mwisho wa mwezi. Mkimaliza, funga kipindi kwa nywila ambayo kaunta hawana, ili mtu asifungue ankara ya mwezi uliokwisha wasilishwa na kubadilisha namba. Nakala ya faili iwe kwenye diski inayolala nje ya duka, na kompyuta iwe na betri ya akiba: umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika. Kumbukumbu za kodi zinatunzwa angalau miaka 5.

Kuhusu kuhama: ukitaka baadaye, Manager ya kwenye kompyuta ni ya bure na haihitaji intaneti. QuickBooks ya mtandaoni ina stoo kuanzia kifurushi cha Plus, vya chini havina, watu hununua halafu ndipo wanagundua.

MsumariNchi4

Na ile 92,000?

MamaStoo

Fungua akaunti iitwe "upungufu wa droo" uiweke huko, usiifiche kwenye matumizi mengineyo. Droo ihesabiwe kila zamu inapobadilika, na tofauti ya kila zamu iende hapo na jina la aliyekuwepo. Baada ya mwezi panga akaunti hiyo kwa majina.